Nataka kuwa msomi wa sheria za kupinga ubaguzi: kazi yenyewe ikoje, na naanzia wapi?

NuruWaSheria ameandika:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu salaam.

Niko mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza ya sheria. Nataka kuendelea mpaka uzamivu, na nibobee kwenye sheria za kupinga ubaguzi. Kilichonivuta ni kesi ya Griggs dhidi ya Duke Power, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1971. Kampuni haikuandika popote kwamba haitaki watu weusi kwenye vitengo vyenye mishahara mizuri. Ilidai cheti cha sekondari, kisha ikaongeza mitihani miwili siku ileile sheria ya kuzuia ubaguzi kazini ilipoanza kutumika, tarehe 2 Julai 1965. Sensa ya 1960 katika jimbo la North Carolina, kampuni ilikokuwa, ilionyesha kwamba asilimia 34 ya wanaume weupe walikuwa wamemaliza sekondari, na weusi asilimia 12. Tena wale weupe walioingia zamani bila cheti walikuwa wakiendelea na kazi zao vizuri tu. Mahakama ikasema sharti linaloonekana sawa kwa wote linaweza kuwa haramu ikiwa matokeo yake yanawafungia mlango watu wa kundi fulani na halihusiani na kazi yenyewe.

Tangu niisome hukumu ile, kila tangazo la kazi ninaloliona najiuliza sharti hili limewekwa kwa ajili ya nini.

Sasa mhadhiri mmoja ninayemheshimu ameniambia fani hii ni ya wanaharakati, si ya wanasheria, na kwamba nichukue kodi au mikataba. Naomba waliomo ndani waniambie. Msomi wa fani hii hufanya nini hasa? Lazima niwe wakili kwanza? Hesabu ninazozikimbia zitanifuata huku? Na mtu ambaye hajawahi kubaguliwa waziwazi anaweza kusimama mbele ya watu akalifundisha jambo hili?

KalamuNaJoho ameandika:

Mimi ni wakili, si msomi, kwa hiyo chukua langu kwa kiasi hicho. Ushauri wangu ni ukae ofisi ya uwakili angalau muda fulani kabla ya uzamivu, na uombe faili za kazi na ajira. Mteja haji akisema "nimebaguliwa." Anakuja na barua ya kuachishwa kazi, au kupandishwa cheo kulikompita mara ya tatu, na ni wewe unayegundua kwenye mazungumzo kwamba wote waliopunguzwa walikuwa wametoka likizo ya uzazi. Hilo halimo kwenye vitabu vya kozi.

Ila uwe tayari kushindwa. Katika kesi zote ninazopokea, hizi ndizo ngumu kuliko zote kuthibitisha. Mwajiri ndiye mwenye karatasi.

MamaTasnifu ameandika:

Marahaba, mwanangu. Nimelifundisha somo hili kwa miaka mingi, nimesimamia tasnifu za wengi, na nimewahi kuziandikia mahakama maoni nikiwa rafiki wa mahakama, yaani mtaalamu asiye mdai wala mdaiwa. Bado nalipenda. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, univumilie.

Nianze na mhadhiri wako. Anayesema fani hii haina ufundi wa kisheria hajakaa na swali la mlinganisho. Ukidai umetendewa vibaya kwa sababu ya jinsi yako, mahakama itakuuliza: ukilinganishwa na nani? Hapo ndipo kesi huokoka au hufa. Mwanamke anyimwe kazi kwa kuwa ni mjamzito, umlinganishe na nani, na hakuna mwanamume mjamzito? Mawakili wa waajiri walikuwa wakimleta mwanamume mgonjwa: naye angekosa kazini miezi kadhaa, naye tungemkataa, basi hakuna ubaguzi. Mwaka 1990, katika kesi ya Dekker iliyotoka Uholanzi, Mahakama ya Haki ya Ulaya, ile ya jumuiya ya nchi za Ulaya, ilisema kumkataa mwombaji kwa sababu ya mimba ni ubaguzi wa moja kwa moja wa kijinsia, na mwanamume wa kulinganisha naye hahitajiki kabisa. Sentensi chache, lakini nyuma yake kuna mabishano ya kitaaluma yasiyohesabika. Huo ni ufundi. Hauna tofauti na wa sheria ya kodi, isipokuwa hapa anayesubiri jibu ni mtu aliyepoteza riziki yake.

Sasa nikueleze kwa mfano mmoja kazi ya msomi ni nini, maana ukiorodheshewa majukumu hutaelewa. Mtafute Éliane Vogel-Polsky, Mbelgiji, aliyezaliwa 1926 na kufariki 2015, mwalimu wa sheria ya kazi Brussels. Mkataba wa Roma wa 1957, ulioanzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, ulikuwa na kifungu cha 119, kinachosema wanaume na wanawake walipwe sawa kwa kazi iliyo sawa. Karibu kila mtu alikisoma kama ahadi ya serikali baina yao, kwamba mtu wa kawaida hawezi kukipeleka mahakamani. Yeye akakisoma tofauti. Mwaka 1966 wanawake wa kiwanda cha silaha cha Herstal waligoma wakidai malipo sawa, na yeye akaandika na kusema waziwazi kwamba kifungu kile kinampa mfanyakazi haki anayoweza kuidai mwenyewe. Wenzake wengi hawakukubali. Hakuishia kwenye kuandika. Alitafuta mtu mwenye kesi.

Akampata Gabrielle Defrenne, mhudumu wa ndege wa shirika la Sabena. Mkataba wa wahudumu wanawake ulikoma wakifika miaka 40. Wanaume waliofanya kazi ileile hawakuwa na kikomo hicho, na walilipwa zaidi. Zikafunguliwa kesi tatu. Ya kwanza, ya pensheni, walishindwa mwaka 1971. Ya pili, ya mshahara, walishinda tarehe 8 Aprili 1976: Mahakama ya Haki ya Ulaya ikatamka kwamba kifungu cha 119 kinaweza kutumiwa moja kwa moja na mtu binafsi mbele ya mahakama za nchi yake, hata dhidi ya mwajiri. Ya tatu, ya kikomo cha umri, wakashindwa tena mwaka 1978.

Wanafunzi wangu huikariri ile ya katikati na kuzisahau mbili za pembeni. Mimi nawafundisha zote tatu pamoja, na nakusihi uzisome hivyo, tena mpaka aya ya mwisho. Hata kwenye ushindi wa 1976 majaji walisikiliza hofu ya serikali kuhusu gharama, wakaamua kwamba malimbikizo ya miaka ya nyuma watalipwa wale tu waliokuwa wameshafungua madai. Wanawake wengine wote waliolipwa pungufu tangu kifungu kianze kazi hawakupata kitu kwa miaka hiyo. Msomi halisi wa fani hii anaijua hasara iliyomo ndani ya ushindi na anaiandika.

Kwa hiyo swali lako la msomi hufanya nini, mimi nalijibu hivi: huandaa hoja kabla kesi haijafika, na kesi ikipotea hubaki nayo. Hoja ya Vogel-Polsky ilikaa takriban miaka kumi kabla ya majaji kuikubali. Mihadhara, kusahihisha mitihani, vikao vya idara, kupeleka makala kwenye jarida na kurudishiwa na wahakiki wenye maneno makali, hayo yapo kama yalivyo kwa wasomi wote, sitakupotezea muda nayo.

Kuhusu hesabu: ndiyo, zitakufuata. Kaa ujifunze takwimu za msingi kabla hujaanza uzamivu. Mwaka 2000 watoto 18 wa Kiroma (jamii ya wachache huko Ulaya, si watu wa mji wa Roma) kutoka Ostrava, Jamhuri ya Cheki, walikwenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ambayo si ile ya Dekker na Defrenne, wakilalamika kwamba wamewekwa kwenye shule maalumu za watoto wenye ulemavu wa akili. Kila mtoto alikuwa na faili lake, na kwenye faili matokeo ya kipimo chake na mara nyingi saini ya mzazi. Ukitazama faili moja moja huoni ubaguzi. Lakini upande wa watoto ulikusanya idadi shule kwa shule. Waroma walikuwa asilimia 2.26 ya wanafunzi wa shule za msingi mjini humo, na asilimia 56 ya waliokuwa shule maalumu. Mwaka 2006 walishindwa. Novemba 2007 baraza kubwa la mahakama hiyohiyo likawapa ushindi kwa kura 13 dhidi ya 4, likisema takwimu za kuaminika zinatosha kuleta dhana ya ubaguzi, na hapo ni juu ya serikali kuonyesha sababu nyingine. Bila mtu aliyekubali kukaa na kuhesabu watoto, kesi ile isingekuwepo.

Na swali lako la mwisho, ambalo nimeliona umeliuliza kwa woga. Wapo walioingia kwa sababu waliguswa wenyewe. Pauli Murray, Mmarekani mweusi, alikataliwa na Chuo Kikuu cha North Carolina mwaka 1938 kwa rangi yake, na Harvard mwaka 1944 kwa kuwa mwanamke. Mwaka 1951 alitoa mkusanyo wa sheria za rangi za majimbo yote ya nchi yake, jimbo kwa jimbo, kurasa zaidi ya 700, na mawakili wa kesi za ubaguzi wa shuleni wakautegemea. Mwaka 1965 aliandika pamoja na mwenzake makala iliyolinganisha ubaguzi wa rangi na wa jinsi. Ruth Bader Ginsburg, aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alipoandaa hoja za kesi ya Reed ya ubaguzi wa jinsi mwaka 1971, aliliweka jina la Murray kwenye jalada ingawa Murray hakuziandika, kwa kuwa fikra zilikuwa zake. Lakini kilichowasaidia mawakili ni zile kurasa 700. Uchungu wake ulimpa nguvu ya kuzikusanya, na wewe unaweza kuwa na nguvu hiyo kwa sababu nyingine. Watakaokusikiliza watauliza kama umesoma faili, si kama umewahi kukataliwa mlangoni.

Nakubaliana na KalamuNaJoho juu ya ofisi ya uwakili. Si lazima, ila inasaidia sana.

NuruWaSheria ameandika:

Asante sana mama, na asante kaka KalamuNaJoho. Zile kesi tatu za Defrenne nimeanza nazo leo, na kweli kozini tulisoma moja tu.

Nina swali la kuongeza. Karibu mifano yote ni ya Ulaya na Marekani. Je, msomi anayetoka kwingine analazimika kuwa mfuasi tu? Na tasnifu ya uzamili nafikiria niiite "Ubaguzi katika zama za akili mnemba." Mnaionaje?

MamaTasnifu ameandika:

Hapana, si mfuasi. Soma kesi ya Unity Dow ya Botswana. Sheria ya uraia ya 1984 ilisema mtoto wa mwanamke Mbotswana aliyeolewa na mgeni, akizaliwa ndani ya ndoa hiyo, hapati uraia wa mama yake. Dow, mwanasheria, aliolewa na Mmarekani, na watoto wake waliozaliwa baada ya ndoa wakakosa uraia wa nchi waliyokuwa wakiishi. Serikali ikajitetea kwamba kifungu cha katiba kinachofafanua ubaguzi kinataja rangi, kabila, imani na kadhalika, na jinsi haimo. Mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ikasema orodha ile ni ya mifano, haifungi mlango. Fikiria ukubwa wa hoja hiyo kwa katiba zote zenye orodha za namna ile. Dow mwenyewe baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya nchi yake. Na miaka miwili kabla ya hukumu hiyo ya Dow, 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Tanzania alikuwa ameamua katika Ephrahim dhidi ya Pastory kwamba kanuni ya kimila inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, huku mwanamume anaruhusiwa, haiwezi kusimama mbele ya hati ya haki iliyomo kwenye katiba. Hizi zinasomwa na kujadiliwa mbali na zilikotoka.

Mada ya tasnifu: ni pana mno, na jina lake halina swali. Nakusaidia kulitafuta. Kinachowasumbua watu kwenye programu za kuchuja waombaji kazi ni kwamba hata mwajiri hawezi kueleza kwa nini mtu kaachwa. Wengi huandika kana kwamba tatizo hilo ni jipya. Si jipya. Mwaka 1989 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kesi ya Danfoss, kutoka Denmark. Kampuni ilikuwa na mfumo wa nyongeza za mshahara ambao wafanyakazi hawakuweza kuuelewa: hawakujua nani kaongezwa nini kwa kigezo kipi. Walichoweza kuonyesha ni wastani tu, kwamba wanaume walikuwa juu kwa takriban asilimia 7. Mahakama ikasema mfumo ukiwa hauna uwazi kabisa, na wanawake wengi wakaonyesha tofauti ya wastani, basi mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mwajiri. Aonyeshe yeye kwamba mfumo wake haubagui.

Umeona? Swali lako linaweza kuwa: je, kanuni ya Danfoss inatosha pale ambapo giza limo ndani ya programu ya kompyuta, si ndani ya kichwa cha meneja? Hilo linajibika kwa tasnifu moja. Sehemu zinazoleta ugumu utaziona mwenyewe. Danfoss ilihusu watu walioko ndani, wanaojuana na wanaoweza kulinganisha mishahara. Mwombaji kazi yuko peke yake nje, wala hajui wenzake ni akina nani.

AfisaRasilimaliWatu ameandika:

Naomba nichangie kutoka upande wa pili wa meza, kwa kuwa kazi yangu ni ajira. Alichosema MamaTasnifu juu ya mwombaji aliyeko nje ndicho ninachokiona. Wanaoachwa hatua ya kwanza hawana kumbukumbu. Alama za usaili tunazitunza, lakini wale ambao programu imewachuja kabla ya macho ya mtu, kwa taasisi nyingi taarifa zao hufutwa baada ya muda mfupi, na sababu inayotolewa ni ulinzi wa taarifa binafsi. Yaani sheria moja nzuri inafuta ushahidi unaohitajiwa na sheria nyingine nzuri. Kama tasnifu itagusa hapo, sisi watendaji tutaisoma kwa hamu. Na umuulize yeyote utakayemhoji maswali mawili haya: programu ilifundishwa kwa taarifa za waajiriwa wa miaka ipi, na nani ana mamlaka ya kuubatilisha uamuzi wake. Mwaka 2018 iliripotiwa kwamba Amazon ilikuwa imeachana na programu yake ya majaribio kwa sababu ilijifunza kutokana na wasifu wa waombaji wa miaka iliyopita, wengi wao wanaume, ikawa inashusha alama za wasifu wenye dalili za mwanamke. Jinsi haikuwa imeandikwa kama kigezo.

KalamuNaJoho ameandika:

Hilo la taarifa kufutwa ni kweli kabisa. Barua ya kwanza ninayomwandikia mwajiri siku hizi haidai fidia, inadai asifute chochote.

MamaTasnifu ameandika:

AfisaRasilimaliWatu, umemtajia sura nzima ya tasnifu. Asante sana.

Nuru, kwenye suala hilo kuna hukumu utakayoihitaji kuliko Griggs. Ni kesi ya Meister ya mwaka 2012, kutoka Ujerumani. Mhandisi mwenye asili ya Urusi aliomba kazi, akakataliwa. Tangazo lilipotoka tena kwa nafasi inayofanana, akaomba tena, akakataliwa bila kuitwa kwenye usaili wala kupewa sababu. Akataka faili la aliyeajiriwa, aone kama amemzidi. Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema hana haki ya kuliona faili hilo, lakini mwajiri akikataa kutoa taarifa zozote kabisa, ukimya huo mahakama ya nchi inaweza kuuzingatia pamoja na mambo mengine inapopima kama dhana ya ubaguzi imejengeka.

Ni nusu mkate, na wasomi wamegawanyika. Wapo wanaosema Meister imeidhoofisha Danfoss, wengine wanaona imeipanua hadi kwa watu walioko nje ya ajira. Mimi niko na hawa wa pili, lakini sitaki uniamini, nataka unibishie kwa hoja. Zisome hukumu hizo mbili pamoja, na kwa kila moja usome pia maoni ya yule mwanasheria wa mahakama anayewashauri majaji kabla hawajaamua. Mara nyingi ni marefu kuliko hukumu yenyewe, na humo utakuta hoja ambazo majaji waliziacha bila kuzijibu. Ukipata moja inayokusumbua, iandike kwa ukurasa mmoja na umpelekee unayetaka akusimamie. Msimamizi anayejua kazi yake ataupenda ukurasa huo kuliko pendekezo la utafiti la kurasa thelathini.